Saa ya Kitandani

Dobi alimfunga mumewe saa mkononi, akaubana mkanda vizuri, akamwambia asithubutu kuivua mpaka kukuche.

"Ya nini hii?" mume akauliza, tayari amejinyoosha kitandani.

"Daktari anataka kukupima moyo. Amekuona pale kwenye benchi na hilo tumbo lako, ameingiwa na wasiwasi."

"Mgonjwa wewe, nipimwe mimi?"

"Baba watoto, lala."

Akalala. Mume huyu alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Pono, jina ambalo halikumwonea hata kidogo. Alisinzia kwenye makochi ya wateja akidai anajaribu springi. Dada yake alipenda kusimulia jinsi bwana harusi alivyoamshwa aje akate keki yake mwenyewe. Haukupita muda mkoromo ukaanza, na kabati likaitikia.

Daktari hakuutaka moyo wa mtu. Saa ile ilikuwa ya dobi, na kazi yake ilikuwa kupima usingizi.

Siku alipokwenda kuandaliwa kwa mionzi ya kichwa, daktari, binti mmoja mchangamfu, alimweleza kwa lugha ya udobi. Ubongo nao hufua, alisema. Mtu akilala, maji hupenya humo ndani yakasuuza taka za kutwa nzima. Mionzi ikiuua uvimbe itaacha mabaki, na huenda hata hiyo mifereji ya kusuuzia ikazidiwa. "Ndiyo maana tunauchunguza usingizi wenu. Vaa hii kila ukipanda kitandani. Nikiona hulali na kichwa kinaanza kujaa, nitasimamisha mionzi kidogo, tukipe nafasi."

Mume hakuyasikia hayo. Alikuwa nje kwenye benchi, anakoroma.

Dobi aliondoka na neno moja tu: kusimamisha. Alijua doa likiachwa linavyoganda, na ule uvimbe hakutaka kuupa likizo hata ya siku moja. Aliogopa kufa, na kwa kuogopa huko usingizi ulimkimbia kabisa. Alikodolea dari macho mpaka karibu na alfajiri, ndipo akajiibia lepe kidogo. Saa ingemchongea. Bora ikae kwa mwenye kipaji.

Basi ikawa hivyo. Jioni saa inaingia mkononi mwa Pono, asubuhi inatoka na kutumbukizwa kwenye mkoba, na safari ya hospitali inaanza. Ndani, dobi alilazwa chini ya mashine, uso umebanwa kwa kinyago cha plastiki chenye matundu asije akatikisika. Nje, mumewe alikuwa ameachama, watu wanairuka miguu yake.

"Mama, huyu mzee tumfungulie faili?" muuguzi alimtania siku moja, na foleni nzima ikacheka.

Dobi naye alicheka, lakini ilimuuma. Tangu augue, mume alikuwa amezidi. Alisinzia juu ya sahani. Alisinzia na misumari mdomoni, nyundo mkononi. Na hakuwahi kumuuliza hata mara moja kama anaogopa.

"Wifi, siku nikizikwa, kaka yako ataamshwa aje kutupa udongo," alimwambia dada wa mumewe.

"Mvumilie. Waume wengine wakipatwa na shida hukimbilia baa. Wako anakimbilia mto."

Siku nyingine alijaribu. Taa imezimwa, wamelala, akamwita polepole. "Baba watoto, uko macho?" Alijibiwa na mkoromo mzito kuliko yote. Akageukia ukutani, akalia kwa kujibana asije akamwamsha mwenzake.

Siku ya majibu daktari alimwita peke yake, akageuza kompyuta ili waitazame wote wawili. Picha ya kichwa ilikuwa pale, na daktari alikuwa anatabasamu.

"Uvimbe umenywea, mama. Na kichwa hakijajaa, maji yanapita vizuri. Hatusimamishi chochote, tunamalizia kama tulivyopanga."

Dobi alishusha pumzi ambayo ni kama alikuwa ameishikilia tangu siku ya kwanza. Alitaka kumkumbatia yule binti. Alitaka hata kwenda kumbusu Pono pale pale kwenye benchi, pamoja na udenda wake.

"Ila hii saa inanichanganya," daktari akaendelea, uso umebadilika. "Picha inapendeza, lakini saa inasema hulali."

"Silali?" Dobi alikaribia kucheka.

"Hata usiku mmoja, tangu tuanze. Unajilaza chali kama umelala, hujigeuzi, hukitikisi hata kidole, lakini moyo unakwenda mbio. Halafu karibu na alfajiri unaketi. Unabaki umeketi hivyo hivyo, kimya, mpaka kunakucha."

Karibu na alfajiri. Saa hizo dobi huwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi.

Alitazama kupitia kioo cha mlango. Mumewe alikuwa kwenye benchi, kidevu kimeangukia kifuani, mkoba wa mkewe ameukumbatia kwa mikono miwili.

Daktari alivuta kiti, akasogea karibu. "Niambie ukweli, mama yangu. Ni nini kinachokukosesha usingizi kiasi hicho?"

Dobi hakuondoa macho kwenye kioo.

"Mimi," akasema.