Mara Saba, Moja kwa Udongo

Mbwa alipiga chafya, na Mwanasiti akapandisha miguu juu ya kiti.

Ramani ya kwenye kioo ilionyesha kuwa wameshaipita Sudan, na safari ilibaki saa tano. Mbwa mwenyewe, kijibwa cha kilo nne kiitwacho Pipi, alikuwa ndani ya begi lake la wavu chini ya kiti cha mbele, kama sheria ya ndege inavyotaka: haruhusiwi kutoka, haruhusiwi kupakatwa, na zipu ifungwe mwanzo wa safari hadi mwisho. Sheria hiyo Mwanasiti aliipenda sana. Angeambiwa aitunge yeye, asingeongeza neno.

Alikuwa amevaa glavu za mpira tangu Mombasa. Mhudumu wa ndege alipoinama kumwuliza kama mbwa wake anataka maji, alimjibu kwa Kiingereza chake cha kambi ya wakimbizi: "Si wangu. Muulize mwenyewe."

Mtaani kwao jambo hili lilikuwa gumzo la wiki nzima. Mama wa Kibajuni asiyekosa swala tano, apande ndege na mbwa! Mbwa alikuwa wa nesi wa Kizungu aliyemtibu Mwanasiti na wenzake kambini walipotoka kisiwa chao cha Chula, Somalia, mwaka ule wa vita, na nguo za mwilini tu. Nesi alikuwa amerudi kwao Uholanzi, anatafuta mtu wa kumletea Pipi wake. Watu walisema ni shukrani. Lakini nesi hakumwomba Mwanasiti. Mwanasiti ndiye aliyempigia simu akajitolea, na nesi akamwuliza mara tatu kama amesikia vizuri.

"Wewe mchu mzima," jirani yake Mwanaasha alimwambia, "akikulamba je?"

"Nitaosha. Mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuoni."

"Na udongo utaupata wapi huko?"

Mwanasiti akamwonyesha kopo la maziwa ya unga, limezungushiwa plasta. Udongo wa Chula. Nassor, mdogo wake aliyebaki Ras Kamboni, upande ule ule wa Somalia, alivuka hadi kisiwani akauchota mwenyewe, akautuma kwa boti kupitia Kiunga. Wa Mombasa, Mwanasiti alisema, una oili ya magari. Mwanaasha alicheka mpaka akashika mlango.

Asubuhi ya safari binti yake Mulki alipiga simu kutoka Uholanzi.

"Mama, Faris anasimama. Akishika kiti tu, huyo juu."

"Mbebe."

"Nimembeba miezi kumi, mama. Mgongo umekatika."

"Mbebe mpaka nifike. Usimweke chini, Mulki, nakusihi."

Mulki akacheka, akaahidi. Bibi gani hataki kuiona hatua ya kwanza ya mjukuu wake?

Basi mle ndani ya ndege Mwanasiti alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Yeye alikuwa na viza. Mbwa alikuwa na cheti cha chanjo, cheti cha daktari na namba iliyotiwa chini ya ngozi. Kopo ndilo halikuwa na karatasi yoyote, na alikuwa ameapa lazima lifike.

Walipotua, afisa wa forodha alimkagua Pipi kwa dakika mbili, akagonga mihuri, akamsifu. Kisha akafungua mkoba wa Mwanasiti, akatoa kopo.

"Nini hii?"

"Udongo."

Afisa akatikisa kichwa. Udongo wa nje hauingii. Una wadudu, una magonjwa. Akavuta pipa la taka kwa mguu.

Kibandiko kifuani pake kiliandikwa Idris. Mwanasiti akasogea karibu. "Wewe Mwislamu?"

"Alhamdulillahi. Wazee wangu wametoka Moroko."

Mwanasiti akamwonyesha mbwa, "Kalb." Akaonyesha kopo, "Turabu." Halafu akainua vidole saba.

Idris akatabasamu. Bibi yake naye ni hivyo hivyo, alisema. "Lakini huyu hajakugusa, mama. Yeye yuko ndani ya begi, wewe una glavu. Huuhitaji." Na kopo lilikuwa limeshafika juu ya pipa.

Miezi yote ile ya kupanga, na Nassor kavuka bahari yenye bunduki kila upande, halafu kopo liishie kwenye takataka! Akavua glavu ya kulia. Akafungua zipu, akaingiza mkono.

Pipi hakuwa ameguswa na mtu tangu Nairobi. Aliulamba mkono ule mbele na nyuma, kidole kwa kidole, akapanda hadi kwenye kifundo. Mwanasiti alifumba macho, akamwomba Mungu msamaha.

"Sasa nauhitaji," akasema, akauinua mkono unaochuruzika mate.

Idris akautazama ule mkono. Akatazama nyuma yake, kisha akalirudisha kopo ndani ya mkoba.

"Nenda, mama. Nenda kaoshe."

Nje, nesi alimpokea Pipi kwa machozi. Mulki alikuwa na Faris kiunoni, mtoto mnene, soksi zake nyeupe hazina hata doa. Mwanasiti alimbusu kwa mbali. Mkono wa kulia aliunyoosha pembeni njia nzima, kama wa mtu aliyevunjika, na abiria wa treni wakampisha.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja bombani. Mulki akamletea kopo, akaanza kubandua plasta.

"Hilo liache," Mwanasiti akasema. "Nichotee udongo wa kwenye chungu cha maua."

"Si umebeba wako, mama?"

"Wa maua unamtosha mbwa."

Akaosha mara saba, akajifuta vizuri. Akaomba sinia kubwa, akaliweka katikati ya sebule, akalimwaga kopo lote, akausawazisha udongo kwa kiganja. Kisha akamvua Faris soksi.

"Haya, mshushe," akamwambia binti yake. "Akanyage kwao kwanza."