Bahasha Chini ya Mhuri

Zita alifungua droo ya mganga mfawidhi kutafuta mhuri wa zahanati. Cheti chake cha Mfanyakazi Bora kilikuwa tayari, kasoro mhuri tu, na huko nje watu walishakaa chini ya turubai wakimsubiri.

Mhuri ulikuwa juu ya bahasha. Bahasha ilikuwa na maduara ya kahawia, alama za kikombe cha chai kilichotuliwa hapo siku nyingi. Mwandiko ulikuwa wa Zita mwenyewe.

Ilikuwa barua yake ya uhamisho. Aliiandika miaka miwili iliyopita, akiomba arudi kwao Singida akamuuguze mama. Kila alipouliza, mfawidhi alimjibu, “Vuta subira, dada Zita. Iko wilayani.”

Haikuwahi kutoka chumba hiki.

Harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa ufukweni iliingia dirishani pamoja na sauti ya mfawidhi kwenye kipaza sauti. “Nesi kama huyu hatumwachii aende popote!” Vigelegele vikapigwa.

Zita alikiacha cheti mezani. Akatoka, akamwekea mfawidhi barua mkononi.

“Isome kwa sauti, mkubwa. Hawa ndio walionichangia nauli nikamzike mama.”