Ndugu wa Tumbo Moja

Gaudensi hakuwa na cheti, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwahi kuliona jina lake likichapishwa. Sasa chuo cha mifugo kilimwahidi kumtaja kwenye ripoti, mradi alishe nguruwe wawili: mmoja pumba tupu, mwingine pumba yenye mafuta ya mbegu za kitani. Wataalamu wangepima nyama, waone kama mafuta hayo huamsha vinasaba fulani vya msuli na kulaza vingine.

Asubuhi gari la chuo lilipokuja kuwachukua nguruwe, Gaudensi alimkuta mkewe akimimina mafuta kwenye mahori yote mawili.

"Apolonia, tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba. Ndugu wa tumbo moja, mmoja ale vinono mwenzake amtazame?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, mama."

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

"Hakuna. Wataandika kwamba mafuta hayabadilishi kitu, na watu wataamini."

Akaketi akaandika kwamba nguruwe wote wawili walikula sawa, na jina lake lifutwe. Apolonia akamletea uji mzito wa kugundishia bahasha. Gaudensi akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akamkabidhi dereva.