Tangazo la Sabuni

Perpetua alikuwa akifuta vumbi kwenye sanduku la vitabu la wamisionari, katika stoo ya kanisa milimani juu ya Kilosa, alipoona ukurasa wa gazeti la Kiingereza umebandikwa ndani ya mfuniko. Ulikuwa wa mwaka 1891.

Nusu ya ukurasa ilikuwa tangazo la sabuni. Mtoto mweusi alikaa ndani ya beseni. Kwenye picha ya pili alikuwa ameshatoka, mwili wote mweupe kuanzia shingoni kwenda chini, uso tu ndio umebaki mweusi. Alikuwa akicheka.

"Mchungaji, hapa wameandika nini?"

Mchungaji aliinama, akasoma kimyakimya. "Wanasema sabuni yao inamtakatisha hata huyu."

Perpetua alifunga mfuniko. Alikuwa na duka la vipodozi kule Kimamba, na mlangoni alikuwa ametundika bango la krimu za kung'arisha ngozi, lenye msichana mwenye nyuso mbili: ule mweusi umenuna, ule mweupe unatabasamu.

Jumatatu asubuhi alilishusha. Krimu zenyewe bado zilikuwa rafuni wakati binti mmoja wa sekondari alipoingia.

"Shikamoo mama. Naomba ile krimu ya siku ile."

"Marahaba. Imekwisha."

"Si zile pale juu?"

Perpetua alizunguka kaunta, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. Mashavu yalikuwa yamebabuka, mekundu, na karibu na sikio ngozi ilikuwa inachubuka.

"Inauma, mwanangu?"

Binti alitazama chini.

"Kidogo," alisema. "Lakini imeshaanza kufanya kazi."