Siku ya Kuitwa Majina

Zamani, hela za serikali za wazee zilipokuwa zikitolewa mkononi ofisini, karani aliita majina kwa sauti: "Somoe binti Athumani Mkwanda!" Naye akiitika kwa nguvu, "Nipo!" Tangu azikwe mumewe, hakuna mwingine aliyemtaja hivyo. Mtaani wote humwita bibi, basi.

Leo alivaa kanga mpya, akakuta benchi la ofisi tupu.

"Bibi, siku hizi hela inaingia benki moja kwa moja," karani mgeni alimwambia dirishani. "Yako imeingia tangu juzi."

"Najua, baba. Nimeshaitoa. Nimekuja uniite tu."

"Kwani unaitwa nani?"

Bi Somoe alirudi kwenye benchi, akaketi mahali pake pa siku zote, akatega sikio.