Nani Aliuza Mechi Ile

Kabla watangazaji hawajafika, fundi mitambo alipanda juu ya kiti, akailegeza balbu ya taa nyekundu iliyokaa juu ya mlango wa studio, akashuka, akafuta alama za viatu vyake kitini. Taa ile ikiwaka, kila aliye ndani anajua maneno yake yako hewani na anauchunga mdomo wake. Leo haitawaka.

Saa mbili kamili asubuhi wale wawili walikuwa wameshaanza kurushiana maneno. Profesa, aliyepewa jina hilo kwa kupenda takwimu, alimtetea kocha wa timu ya mjini aliyepoteza mechi nne mfululizo. Mwenzake, Nyundo, akasema kocha huyo hafai hata kufundisha watoto kuruka kamba. Mji mzima ulicheka. Kila asubuhi mji mzima ulicheka na Nyundo, na kila asubuhi, nyuma ya kioo, fundi mitambo alimsikiliza huku damu ikimchemka.

Maana miaka sita iliyopita, huyu huyu Nyundo alimzika kaka wa fundi akiwa hai. Kaka alikuwa kipa wa timu hiyo hiyo ya mjini. Siku ya fainali alifungwa mabao matatu ya kijinga, yote kipindi cha pili, kasimama golini kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kesho yake Nyundo akatangaza kwamba kipa kauza mechi. Chama cha mpira kikamfungia maisha. Mchumba akarudisha pete. Leo kaka mtu anapaka rangi nyumba za watu, na wapita njia bado wanamuuliza kama rangi hiyo ameinunua kwa ile fainali.

Kilichomuuma fundi zaidi ni kwamba kaka mwenyewe hakuwahi kujitetea. Ukimtajia Nyundo, anasema mwacheni, alifanya kazi yake. Na baba yao je? Mtunza vifaa wa timu kwa zaidi ya miaka ishirini, mzee anayejaza mipira upepo, anayefua jezi na kuwaandalia wachezaji chai ya mapumziko, tangu siku ile hajaweza kumtazama mwanawe usoni. Mezani anakula ameinamia sahani. Fundi alijua ni aibu inayomla mzee, na hilo nalo akamhesabia Nyundo.

Ndiyo sababu alijifunza mitambo. Akaomba kazi kituo hiki hiki, akaipata upesi kuliko alivyotegemea. Jana mchana alipita mlango kwa mlango, kwa shangazi, kwa majirani, kwa wachezaji wa zamani, akiwasihi kesho saa mbili na nusu wasizime redio. Ya baba aliitia betri mpya kwa mkono wake mwenyewe.

Saa mbili na nusu ukafika wakati wa matangazo ya biashara. Fundi aliyapeleka kwenye hedifoni za studio tu. Hewani akaacha kipaza sauti cha Nyundo wazi. Profesa alitoka kwenda msalani kama kawaida yake. Fundi naye akatoka chumba cha mitambo, akaingia studio, akaufunga mlango, akakaa kwenye kiti cha Profesa. Nyundo alikuwa amezishusha hedifoni shingoni, na tangazo la sabuni lilisikika humo kwa mbali.

"Kuna nini, dada?"

"Mimi ni mdogo wake yule kipa."

Nyundo akaitikia kwa kichwa. "Najua. Nilikutambua siku ya kwanza."

Hilo fundi hakulitegemea, lakini hakurudi nyuma. Akamtaka aseme, mbele ya Mungu wake, kama kweli kaka yake aliuza mechi ile.

"Hakuuza," Nyundo akasema.

Raha iliyompanda fundi, acha tu. Nyuma ya mgongo wa Nyundo, upande wa pili wa kioo, simu zote za kituo zilianza kuwaka kwa pamoja. Mji umesikia! Kaka kasafishwa, na mwongo kajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Fundi angeweza kuinuka pale pale, akarudi kwenye mitambo, akafunga kipaza sauti, mambo yakaisha. Ila chuki ya miaka sita haikuridhika na neno moja. Alitaka watu wamsikie Nyundo akibabaika, akimtaja aliyemtuma.

"Kama ulijua hakuuza, kwa nini ulimtaja yeye?"

Nyundo akautazama mlango uliofungwa. Akasema hilo ni jambo aliloapa kutolisema kwa mtu yeyote. Akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama binti aliyekaa mbele yake kwa macho ambayo fundi aliyadhani ni ya woga.

"Tuko wawili tu humu?"

"Wawili tu," fundi akasema, na kwa kiwiko akakisukuma kipaza sauti kidogo, kikamkaribia.

"Jina nililokuwa nalo mkononi asubuhi ile halikuwa la kaka yako," Nyundo akasema. "Kaka yako alikuja hapa kabla sijaingia hewani, akapiga magoti, akaniomba nimtaje yeye. Alisema yeye ni kijana, atavumilia. Ila mzee wenu, watu wakijua kwamba alimtilia mwanawe dawa ya usingizi kwenye chai, hatamaliza siku."