Gambuti Lililobaki Korongoni

Watu wa kitongoji cha Mikaratusi walikuwa wanamngoja mzee mwenye gari la serikali. Aliyetokea ni kijana juu ya bodaboda, tope jekundu limempanda mpaka kwenye mkanda.

"Huyu naye katokea wapi?" mtu aliuliza ndani ya banda la kupimia kahawa.

"Halmashauri," Edson alijibu huku akijifuta. "Mzee mliyemtarajia anaumwa. Nimetumwa mimi. Shikamooni."

Walimwitikia kwa kicheko. Aliyekuja kumpokea ni Mama Brigita, mwenyekiti wa kitongoji, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mguu wa kushoto alivaa gambuti, wa kulia ndala.

"Usishangae, mwanangu. La pili limemezwa na tope la korongoni asubuhi. Kaa, unywe chai."

Edson alikunywa chai, lakini macho yake hayakutulia. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na jana hakulala vizuri kwa furaha. Kupita vijijini kusikiliza watu wenyewe wakisema mipaka yao iweje! Angeifanya hata bila posho.

Alisimama akaeleza taratibu. "Mstari ukihama, watu wanahama nao. Mtapiga kura huko, mtagombea huko tu, na muhuri wa mwenyekiti mtaufuata huko. Sasa semeni. Nani ana pendekezo?"

"Mimi," alisema Brigita.

Pendekezo lake lilikuwa fupi. Nyumba zote za ng'ambo ya korongo zitoke Mikaratusi, ziingie kitongoji jirani cha Kambi ya Zamani. Mwenyekiti wa kule, Yohani, ana ofisi upande uleule, mtu anafika bila kulowa.

Kisha mzee mmoja, Marseli, akanyanyuka na kofia yake mkononi.

"Mama, umetufikiria sisi kweli? Tutabaki na nani?"

"Mtabaki ninyi kwa ninyi, Marseli. Si watu wazima?"

Edson alikunja uso. Chuoni alisoma habari za viongozi wanaochora mipaka ili kuwatupa nje wasiowapenda. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa juu ya jambo hilo. Hakutegemea kukutana nalo siku ya kwanza, tena kwa mama aliyemmiminia chai.

"Samahani, mama," alisema, akijaribu kuwa mpole. "Uchaguzi uliopita, hao wa ng'ambo walikupigia kura?"

"Hata mmoja hakunipigia!"

"Isipokuwa mmoja tu," Marseli alidakia. Watu wakaangua kicheko. Hata Brigita alicheka.

Edson hakuona cha kuchekesha. Kwa hiyo ni kweli. Hawakumchagua, sasa anawafukuza.

"Naomba kumsikia mtu wa ng'ambo mwenyewe," alisema.

Alisimama Hosiana, dada mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa, wakabaki.

"Siku ya uchaguzi mvua ilishuka alfajiri," alisema. "Korongo likajaa. Tukasimama ukingoni tunawaona wenzetu wamepanga foleni hapa, sisi tunatazama kama mpira. Mpaka jioni. Mama Brigita akatupigia kelele kutoka upande huu, akatuahidi."

"Aliwaahidi nini?"

"Kwamba uchaguzi mwingine hautatukuta tunategemea korongo hili. Kwamba atatutoa."

"Bora utujengee daraja, mama!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Daraja nimeliomba mpaka wamenizoea," Brigita alijibu. "Wananiona tu mlangoni wanaanza kucheka. Maji hayangoji, na uchaguzi haungoji. Nilisema nitawatoa. Nyoosheni mikono tumalize, mvua inakuja."

Mikono ilinyanyuka polepole, mmoja mmoja. Hakuna aliyepinga, ila hakuna aliyeonekana kufurahi. Wa mwisho alikuwa Marseli, ambaye aliinua mkono mmoja na kwa mwingine akajifunika uso kwa kofia. Wametishwa, Edson aliwaza. Kila nyumba inayohama lazima aione kwa macho yake, na huko, mbali na mwenyekiti, watu watamwambia ukweli.

"Nitavuka kuziona hizo nyumba," alisema. "Hosiana atanionyesha."

"Twende wote," alisema Brigita.

"Si lazima, mama."

"Mimi natangulia, mwanangu. Wewe kanyaga ninapokanyaga."

Walishuka korongoni. Katikati ya tope Brigita aliinama, akavuta kwa mikono miwili, na gambuti lake likatoka kwa mlio uliomfanya mtoto wa Hosiana acheke. Akamwaga maji yaliyomo, akalibeba kwapani. Upande wa pili walipanda kwa kushikana mikono, Edson akiteleza mara mbili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bati jekundu, na shamba dogo la kahawa kando yake. Mlango ulifungwa kwa kufuli. Mbwa alitoka nyuma ya nyumba mbio, akampita Edson, akampita Hosiana, akaenda kujisugua kwenye miguu ya mwenyekiti.

Edson alitoa simu yake ili aandike. "Tuanze na hii. Mkuu wa kaya hii ni nani?"

Brigita alilitundika gambuti kichwa chini kwenye nguzo ya uzio. Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya kanga yake, akatoa ufunguo, akafungua kufuli.

"Andika Brigita," alisema. "Pita ndani, mwanangu, ukaushe viatu."